Mitambo ya sauti (2): Kutoka kwenye maiki hadi kwenye amplifaya

Juma lililopita tulieleza maiki na waya zake. Leo tuitazame mitambo inayoinyoosha sauti kabla haijafika kwenye amplifaya.

Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo mno, sehemu chache za elfu za volti moja. Miksa huukuza, pengine hata mara elfu moja, kwa kitufe cha juu cha chaneli ambacho mafundi hukiita geni. Kikizidishwa, taa nyekundu huwaka na sauti hukwaruza, na hakuna chombo cha mbele kitakachoiponya. Kwa hiyo wakati wa majaribio msemaji aseme kwa nguvu ileile atakayoitumia jukwaani. Ongeza geni mpaka taa nyekundu ianze kuwaka, kisha irudishe nyuma kidogo.

Inafuata ikwalaiza, inayopandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Gitaa la besi, ambalo kikundi cha Black Star cha Tanga kililipigia taarabu, hushuka mpaka hezi 41. Maneno hayahitaji kina hicho: s, t na k, zinazofanya neno lieleweke, zina nguvu zaidi kuanzia hezi 2,000 kwenda juu. Kwenye chaneli ya msemaji kata kila kilicho chini ya hezi 100, na maneno yataeleweka vizuri zaidi bila kuongeza sauti.

Mluzi hutokea maiki inapoinasa sauti ya spika yake yenyewe. Kwanza sogeza spika mbele ya maiki. Mluzi ukiendelea, chukua ikwalaiza ya vijiti 31, inua kimoja kimoja taratibu, na kile kinachouamsha mluzi kishushe desibeli 3 hadi 6.

Kompresa, inayobana sauti kubwa, humfaa mhubiri anayenong'ona kisha akapaza sauti ghafla. Ukiiweka nne kwa moja, kila desibeli 4 zinazovuka mpaka uliouweka hutoka 1 tu.

Sasa tufikirie mahali penye mteremko, kama Bungu kwenye milima ya Usambara: mkutano wa hadhara ukiwa mkubwa, watu hutandaa kufuata mteremko. Tuseme spika ya pili imewekwa mita 34 kutoka jukwaani, upande wa chini wa mteremko. Sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde, lakini umeme hupita kwenye waya papo hapo. Spika ya chini basi hutangulia kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na waliokaa karibu nayo husikia maneno yakigongana. Dawa ni kifaa cha kuchelewesha sauti: kiweke kwenye milisekunde 100, na sauti za spika zote mbili zitawafikia kwa pamoja.

Kamati za makanisa, misikiti na shule zinazochangisha fedha za mitambo zizingatie hili: kuongeza wati mara mbili huleta desibeli 3 tu, tofauti ndogo masikioni. Kabla ya kununua amplifaya kubwa zaidi, nunueni ikwalaiza, na mumgharimie kijana mmoja wa kijijini ajifunze kuitumia.