Jalada la uraia linapochelewa: Tusubiri vipi?



Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tunazungumza na familia ambazo jina la baba au mama lingali katika jalada la maombi ya uraia, mwaka wa tatu, wa tano, hata zaidi. Familia hizo tunazo hapa Kawe kama zilivyo Temeke na Kariakoo. Asili yao ni Komoro, Kongo, Burundi au Yemen. Wameoana na kuzaa hapa, wanao wamesoma shule na madrasa zetu, na wazee wao wamezikwa katika ardhi hii.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa uraia wa tajinisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na akusudie kuishi hapa daima. Hutakiwa pia kutangaza gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kisha jalada hupita ngazi za wilaya, mkoa na makao makuu hadi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Karatasi moja ikipungua njiani, jalada husimama, na mwenyewe huenda asijue.

Mwenye kuumia zaidi ni mtoto. Mzazi akipata uraia, anaweza kumwombea mwanawe aliye chini ya miaka 18. Mtoto akiuvuka umri huo huku jalada la baba bado limelala, hana budi kuanza ombi lake mwenyewe. Basi mwenye kijana wa miaka 15 au 16 asiuone mwaka mmoja wa kungoja kuwa ni jambo dogo.

Wala tusidhani kwamba kukubaliwa ndio mwisho. Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu ni ushahidi. Zaidi ya 162,000 kati yao walikubaliwa uraia kufikia mwaka 2010, nao walikuwa wameukana uraia wa Burundi. Lakini vyeti vilizuiliwa, kwa kuwa ilitakiwa kwanza wahame makazi hayo na kutawanywa katika mikoa mingine. Walibaki hivyo hadi Oktoba 2014, Rais Jakaya Kikwete alipoanza kuwakabidhi vyeti. Kwa miaka hiyo minne hawakuwa na cheti cha huku, na uraia wa kule walikwisha kuuacha.

Sasa mwenye kungoja afanye nini? Kwanza, asiache kibali chake cha ukaazi kikaisha muda kwa kudhani kwamba ombi la uraia linamkinga. Halimkingi. Pili, atunze nakala ya kila karatasi aliyowasilisha, stakabadhi za malipo, kurasa za gazeti zenye tangazo lake na namba ya jalada. Tatu, kila anapokwenda kuulizia, aandike tarehe na jibu alilopewa; na majibu yakiwa yale yale, aandike barua kwa ngazi ya juu na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akihama nyumba, atoe taarifa. Qur'ani katika Suratul Baqara imetuamrisha kuandika hata deni baina ya ndugu; sembuse jambo linalogusa maisha ya kizazi kizima?

Nne, ajihadhari na njia ya mkato. Hakosekani mtu wa kumnong'oneza kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jalada litapaa, au kwamba mtoto anaweza kupatiwa cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba mwingine. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake pia. Na hata kwa hesabu za dunia, uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa baada ya miaka mingi, na hasara ikawaangukia watoto wasiojua lolote. Anayedaiwa rushwa aende TAKUKURU, au apige namba 113 bila malipo.

Nasi majirani tuna wajibu wetu. Mwombaji huhitaji wadhamini wanaomfahamu na barua ya serikali ya mtaa. Tuliosali naye safu moja kwa miaka 20 tusikimbie kumsemea kweli, wala tusiwaachie watoto wetu wamwite mwanawe mgeni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wote wanaongoja, na awajaalie watendaji wetu kukumbuka kwamba ndani ya kila jalada mna nyumba ya watu.