Udhu kwa kibaba cha maji

Mengi ya maji ya mfereji hapa Malindi na Kilifi yanatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na husukumwa kwa umeme mpaka yatufikie. Mfereji ukikauka, tunanunua mitungi ya mkokoteni.

Wapo watakaosema maji yanamwagika zaidi kwenye mahoteli. Kweli, lakini mfereji wa hoteli siufungi mimi.

Naanza na udhu, maana ni mara tano kwa siku. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi hadi vibaba vitano. Kibaba hakifiki lita moja. Sasa tega beseni chini ya mfereji, utawadhe kama kawaida yako, kisha upime. Wazee wetu walichota: magofu ya Msikiti Mkuu wa Gede yana kisima na birika, na mwenye kuchota kwa kata huona anachomaliza.

Nyumbani kwangu tunatumia kopo la lita moja. Vijana walinung'unika siku mbili tatu, wakazoea. Maji yanayoshuka miguuni yanakwenda kwenye mgomba ulio nyuma ya jiko.