Gari likigonga asubuhi, sikiliza kabla hujalipa fundi

Saa 12 asubuhi watoto wameshapanda na mabegi yao. Unawasha gari, injini inalia ta-ta-ta. Ukifika gereji saa 4, injini ina moto na mlio umekwisha. Fundi anabahatisha, nawe unalipia kipuri kisichokuwa na tatizo kwa fedha iliyotengwa kwa ajili ya ada.

Mzazi, mlio wa asubuhi unausikia wewe, si fundi. Usikilize vizuri.

Gari likilala, oili hushuka chini ya injini. Kwenye baridi ya Njombe au Mbeya huwa nzito na huchelewa kupanda. Mlio mwepesi unaokwisha ndani ya sekunde chache mara nyingi hutokana na hilo. Kabla ya kuwasha, pima oili gari likiwa mahali tambarare. Hakikisha pia ni aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Wapo wanaoweka oili nzito zaidi ili "kuituliza" injini kuukuu, kumbe asubuhi ndiyo inazidi kuchelewa.

Milio mingine ina maana yake:

• Kama filimbi kali: mara nyingi ni mkanda wa mbele ya injini, umelegea au umechakaa.

• Kama mnyororo unaotikiswa kila unapowasha: huenda cheni ya taimingi imelegea. Usiuzoee.

• Tik-tik inayofifia injini ikipata moto: huenda ekzosi inavuja inapoungana na injini, kwani chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa. Moshi huo ni sumu na unaweza kuingia walimokaa watoto.

• Ngo-ngo nzito kutoka chini, au taa nyekundu ya oili isiyozimika: zima injini papo hapo. Usiseme "niwafikishe shule kwanza". Nauli ya daladala ni ndogo kuliko bei ya injini.

Kesho asubuhi, anza kurekodi kwa simu kabla ya kuwasha, na uhesabu mlio umedumu sekunde ngapi. Kama fundi bado ana shaka, liache gari lilale gereji, aliwashe asubuhi wewe ukiwepo. Asiyetaka kulisikia likiwa baridi, usimruhusu alifungue.