CHUNUSI HAZITAKI VITA: MWAGA MKOROGO, SHIKA ALIZETI

KIANGAZI kikikolea Katoro, vumbi hukupokea kabla ya mwenyeji wako. Linaingia puani, linaingia kwenye nywele ulizosuka jana, na jioni ukijifuta uso kwa kitambaa cheupe, kitambaa kinageuka rangi ya chai. Changanya vumbi hilo na jasho la dereva wa bodaboda, au la kijana aliyeshinda karashani, halafu weka balehe juu yake. Matokeo unayajua: chunusi.

Kule pwani, chunusi ni jina la jini la majini linalozamisha waogeleaji. Huku Kanda ya Ziwa anayezama ni binti mbele ya kioo, siku moja kabla ya sendofu ya rafiki yake. Na mtu anayezama hushika chochote kinachoelea. Kinachoelea sokoni, si siri, ni mkorogo.

Zebaki ile ile

Hapa si mchezo, msomaji. Kuanzia Katoro na pacha wake Buseresere hadi Rwamagasa, kila mtoto anaijua zebaki. Ndiyo inayokamata dhahabu kwenye mchanga, kisha inachomwa na moshi wake unapaa. Rwamagasa ilikuwa moja ya sehemu za mradi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2002 hadi 2007, uliofundisha wachimbaji wadogo kujikinga na sumu hiyo.

Sasa kasheshe ni hii: kaka anaogopa moshi wa zebaki machimboni, dada anaipaka usoni akiita urembo! Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, kwa sababu inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Inapenya mwilini, inaumiza figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unapiga marufuku vipodozi vya namna hiyo. Ukikuta kwenye kikopo maneno 'mercury' au 'calomel', rudisha. Kikopo kisichoandikwa kitu ndicho cha kuogopa zaidi.

Mikorogo mingine ina dawa kali za steroidi. Wiki ya kwanza uso unatulia, unasifiwa mtaa mzima. Ukizidi kupaka, ngozi inakonda na chunusi zinarudi na jeshi zima.

Mafuta juu ya mafuta?

Utauliza, uso wangu tayari unang'aa kama karai la chipsi, niongeze mafuta ya nini? Swali zuri. Chunusi huanza tundu la ngozi linapozibwa na mafuta ya mwili pamoja na seli zilizokufa, kisha vijidudu vikastawi humo ndani. Ukisugua uso kwa sabuni ya kufulia au limau, unakwangua ngavi ya juu inayoilinda ngozi. Ngozi inakauka, inawasha, inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi.

Wataalamu wameona kwamba mafuta ya ngozi yenye chunusi huwa na upungufu wa asidi ya linoleiki. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi hiyo kwa wingi, ni mepesi, na hayazibi ngozi kirahisi. Na alizeti hatuagizi Paris, inakamuliwa hapa hapa nchini, Singida wakiwa vinara.

Mafuta ya nazi, pamoja na sifa zake zote kwenye nywele na kwenye wali, ni mazito kwa uso wenye chunusi. Mawese nayo yaache kwenye mboga. Mwarobaini ni mkali: matone mawili ndani ya kijiko cha alizeti yanatosha, na usiyanywe. Mafuta ya mti-chai kutoka Australia yana ushahidi wake: utafiti uliotolewa huko mwaka 1990 kwa wagonjwa 124 ulionyesha kwamba yakiwa asilimia 5 yanapunguza chunusi, ila taratibu kuliko dawa ya benzoili peroksaidi. Kamwe usiyapake bila kuyazimua.

Fanya hivi

Nunua alizeti safi, isiyo na harufu ya kuchacha. Si ile iliyokaangia mihogo jana! Weka kwenye chupa ndogo, mbali na jua.

Kwanza jaribu nyuma ya taya, subiri siku mbili. Ikiwasha, acha.

Nawa uso asubuhi na jioni kwa sabuni laini. Ukitoka kazini na vumbi lako, usisubiri hadi kulala. Usisugue, gusagusa na taulo safi. Uso ukiwa bado na unyevu, paka matone mawili au matatu. Basi. Usikamue chunusi, utajiachia kovu la bure.

Jipe wiki sita. Mafuta haya si muujiza: yanatuliza ngozi na kuilinda, lakini hayaponyi chunusi sugu. Ukiona mabonge yenye usaha, maumivu au makovu, nenda kwa daktari, dawa zipo. Tanzania ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi tangu mwaka 1992, na waliosomea huko wametapakaa nchi nyingi za Afrika.

Na wewe kaka unayecheka pembeni, hii inakuhusu pia. Kofia ngumu yenye jasho la juzi inaotesha chunusi kwenye paji la uso. Ifue mikanda yake.

Sendofu itapita, picha zitachakaa. Uso huo huo utaamka nao Jumatatu. Ubembeleze.