Kabichi Ni Kitoweo cha Ng'ombe, Si Ugali Wake

Wewe ulimaye kabichi huko milima ya Usambara wajua yanayobaki shambani gari likishapakia mzigo wa Dar es Salaam: majani ya nje, mashina, na vichwa vilivyopasuka. Na zizini yuko ng'ombe analia njaa. Basi wamtupia yote. Si vibaya, lakini ngoja kidogo.

Kwanza tuisifu kabichi. Ni laini, ng'ombe huila kwa furaha, tena yashinda mabua makavu ya mahindi kwa protini. Ila katika kilo 100 za kabichi, kilo 92 hivi ni maji. Ng'ombe wa kilo 400 ahitaji kama kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Kumshibisha kwa kabichi tupu kwataka kilo 125. Nani atazibeba?

Hatari yenyewe ni hii. Ndani ya kabichi mna kitu cha asili chenye salfa. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukigeuza kuwa sumu, nayo huvunja chembe nyekundu za damu. Akilishwa kabichi nyingi kila siku, baada ya majuma machache huweza kudhoofika, ufizi ukapauka, maziwa yakapungua, na mkojo ukawa mwekundu au mweusi kama kahawa. Hapo wengi twakosea. Twasema, "Kupe hao!" kwa kuwa ugonjwa mmoja wa kupe nao huleta mkojo mwekundu. Fedha yaishia kwenye dawa, na kabichi bado zi horini. Mwite bwana mifugo, umweleze wazi ulichomlisha. Ikiwa ni kabichi, ziondoe umpe majani. Akiwahiwa, mara nyingi hupona. Jihadhari zaidi na kabichi iliyochanua, au shina lililochipua tena baada ya kukatwa.

Mbuzi mwenye mimba naye mwangalie. Kabichi nyingi huzuia iodini isifanye kazi mwilini, na mtoto aweza kuzaliwa na uvimbe shingoni.

Anza na kidogo, ongeza polepole. Mpe mabingobingo kwanza, ndipo kabichi, asije akavimba tumbo. Wataalamu husema isizidi theluthi ya chakula chote kikipimwa kikavu. Mimi ningekomea chini ya hapo. Mpe baada ya kukamua, maana maziwa hushika harufu yake na watoto watayakataa. Na kama juzi ulipiga dawa ya wadudu, ngoja zile siku zilizoandikwa kwenye chupa ndipo umkatie.