Kuvu za Ndani ya Miti na Dawa ya Saratani

Neno saratani limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Walatini nao waliuita ugonjwa huo kwa jina la mnyama huyo huyo. Kuvu twaijua zaidi juu ya mkate uliolala. Lakini ziko kuvu nyingine zikaazo ndani ya majani na magome ya miti iliyo hai, wala mti hauonyeshi dalili ya kuugua. Katika makala haya nitaziita kuvu za ndani, kwani jina hili laeleweka upesi kuliko neno la kuazimwa kwa Wayunani.

Mwaka 1962 magome ya mti uitwao Taxus brevifolia yalikusanywa katika jimbo la Washington, Marekani. Monroe Wall na Mansukh Wani walipata humo dawa iitwayo taksoli, wakaeleza umbo lake mwaka 1971. Susan Horwitz alionyesha mwaka 1979 kwamba dawa hiyo huzikaza nyuzi nyembamba za ndani ya seli zisiachane, hata seli ikashindwa kugawanyika. Iliruhusiwa huko mwaka 1992 kutibu saratani ya ovari. Lakini mti wenyewe hukua polepole mno, nao ukichunwa gome hufa.

Basi wataalamu wakauliza: je, kuvu ya ndani yaweza kuifanya kazi ya mti? Ili kuipata, kijiti huoshwa kwa spiriti ili vijidudu vya nje vife, kisha gome la ndani hukatwa na kuwekwa juu ya chakula kilichogandishwa, mpaka nyuzi za kuvu zitokeze. Kwa njia ya namna hii Andrea Stierle, Gary Strobel na Donald Stierle walitangaza mwaka 1993 kuvu ya Montana, Taxomyces andreanae, iliyokutwa na taksoli.

Kiasi chake kilikuwa nanogramu 24 hadi 50 kwa lita. Tukihesabu kwa kipimo kile cha juu, gramu moja yahitaji lita milioni 20 za mchuzi wa kuvu! Tena kuvu za namna hii mara nyingi hupungukiwa na nguvu kila zinapohamishwa chombo hadi chombo.

Hapa mwandishi wa Kiswahili hana budi kuchagua kitenzi kwa uangalifu. Kukutwa na taksoli ni jambo moja. Kuitengeneza ni jambo jingine, maana huenda kuvu iliichukua kwa mwenyeji wake. Mwaka 2013 wachunguzi wa Ujerumani waliipima tena kuvu ile ile ya Montana, wasione ushahidi kwamba yaitengeneza yenyewe. Viwanda leo huipata taksoli kwa kubadili kemikali itokayo katika majani ya miti ya jamii hiyo, au kwa kukuza seli za mti wenyewe katika mapipa.