Muuguzi na Mshipa Usioonekana

Mtoto mchanga aliyeishiwa na maji kwa kuhara na kutapika hajapoteza mishipa yake, walakini ijapokuwa ipo, haionekani wala haishikiki. Kwa kuwa damu inapopungua mishipa hunywea, na mafuta ya utoto yaliyojaa viungoni huifunika kwa sitara nene, hata muuguzi mzoefu, baada ya kufunga mpira juu ya kiwiko, kuupapasa mkono kwa ncha za vidole, kuugeuza mguu mpaka kifundoni na kuchungua ngozi ya kichwa, huweza kubaki na kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki wenye sindano ndani yake, mkononi asijue aichome wapi. Hapo hana budi kubahatisha. Mchomo wa kwanza damu haiji. Wa pili mshipa hupasuka na ngozi ikavimba. Mtoto hulia hata sauti ikamkauka, mama hugeuza uso, na wakati wa tiba unapita.

Taabu hii haistahili kuhesabiwa ndogo. Tangu mwaka 1832, daktari Thomas Latta wa Leith, huko Uskochi, alipowatilia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mishipani, njia hiyo imewarudishia uhai watu wasio na idadi, nasi wa Afrika Mashariki, tunaokijua kipindupindu na malaria kali kwa karibu, hatuhitaji kuhubiriwa faida ya dripu. Lakini yuko mtoto mwingine ambaye aghalabu husahauliwa, naye ni mwenye selimundu, arudiye wodini mara kwa mara maishani mwake. Kwake yeye mishipa ni hazina yenye hesabu, na kila mmoja uharibikao leo kwa kubahatisha ni mmoja uliopungua katika siku za mbele.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha mizani ya kumtambua, kabla sindano haijatolewa katika karatasi yake, mtoto ambaye mshipa wake utakuwa na shida. Mshipa usioonekana una alama 2, na usioshikika kwa vidole una alama 2. Kuzaliwa kabla ya siku kutimia ni alama 3, na kutotimiza mwaka mmoja ni 3 vilevile. Mtoto akifikisha alama 4, uwezekano wa kukosewa katika mchomo wa kwanza huzidi nusu. Kwa insafu ya moyo wangu, muuguzi aliyekwisha kuyajua hayo, naye akanyimwa ala ya kumsaidia, amedhulumiwa pamoja na mgonjwa wake.

Ala hiyo ipo, nayo ni ultrasaundi. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo baina ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Ultrasaundi huupita mpaka huo mbali sana, na kwa mishipa iliyo karibu na ngozi hutumika mitetemo ya kiasi cha milioni 10 au zaidi kwa sekunde, kwani kadiri mitetemo izidivyo ndivyo picha isafikavyo, ijapokuwa sauti haiendi kina kirefu. Mithili ya nahodha atupaye bildi baharini apate kujua kina cha maji, proba, yaani kile kipande kigusishwacho ngozini, hutuma sauti mwilini ikangoja mwangwi wake. Na kwa sababu sauti husafiri katika nyama laini takriban mita 1,540 kwa sekunde, mashine huugeuza muda wa kungoja kuwa umbali, na umbali kuwa picha. Mfupa huirudisha sauti kwa nguvu ukaonekana mweupe. Damu hairudishi karibu chochote, ikaonekana nyeusi. Hewa huizuia sauti isipite, na hiyo ndiyo sababu ya ngozi kupakwa jeli. Maarifa haya yana nasaba ndefu: mwaka 1880 ndugu Jacques na Pierre Curie wa Ufaransa walivumbua ya kuwa fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme, katika Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin akazitumia kutafuta nyambizi, na mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow wakachapisha picha za uvimbe wa tumboni.

Tuitazame kazi yenyewe. Muuguzi hufunga mpira, hupaka jeli, kisha huishika proba kwa mkono mwepesi sana, maana mkono mzito huufinya mshipa ukatoweka kiooni kana kwamba haukuwapo. Hapo huonekana viduara vyeusi, pengine vya milimita 2 au 3 tu, naye lazima ajue kipi ni vena, yaani mshipa wa damu irudiyo moyoni, na kipi ni ateri, yaani mshipa wa damu itokayo moyoni: hubonyeza kidogo, vena ikajifumba yote, na ateri, kwa kuwa ina shinikizo, ikaendelea kupiga. Huiweka vena katikati ya kioo na kuchoma ngozi. Ncha ya sindano ikaonekana kama nukta nyeupe. Huisogeza proba mbele kidogo tu, nukta ikapotea. Huisukuma sindano taratibu, nukta ikarudi. Akafuatisha hivyo hatua kwa hatua hata nukta nyeupe ikakaa ndani ya duara jeusi. Na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea, kwani damu ikitokea hufurahi na kusimama, ilhali ncha imeingia ukingoni tu. Mjuzi huilaza sindano kidogo, akaendelea kuifuata ndani ya mshipa, ndipo akateleza plastiki ya kanula mbele na kuichomoa sindano. Hadhari nyingine ni urefu: mshipa ulio chini sana ukiwekewa kanula fupi, sehemu ndogo tu ndiyo hukaa ndani, na mtoto akijitupa kidogo hutoka, dawa ikamwagika nyamani.

Je, faida yake ni dhahiri? Katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, watoto 167 waliotabiriwa kuwa na mishipa ya shida waligawanywa kwa kura, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019: waliochomwa kwa kuongozwa na ultrasaundi walifanikiwa katika mchomo wa kwanza kiasi cha 85 katika kila 100, na waliochomwa kwa desturi ya zamani kiasi cha 46 katika kila 100. Kanula za kundi la kwanza zilidumu zaidi pia.

Sisemi ya kuwa kila mtoto apakwe jeli. Mwenye mshipa mnene mgongoni mwa kiganja achomwe kwa macho na vidole, na anayekata roho asingojeshwe mashine iwashwe, maana kwa hali hiyo iko sindano ya kutia maji katika mfupa wa muundi. Lakini siafikiani na wale wanaodhani ya kuwa ultrasaundi ni amana ya tabibu wa picha peke yake. Tabibu huyo huagiziwa aje. Muuguzi yuko kitandani saa zote, ndiye achomaye na ndiye aulizwaye na mama. Ustadi huu hufunzwa kwa mazoezi ya mikono, kwanza juu ya bonge la jelatini au nyama ya kuku iliyopitishwa mpira mwembamba uliojaa maji, kisha juu ya watu wazima, kisha juu ya watoto chini ya jicho la mjuzi. Wauguzi wa hospitali nyingi za Marekani wamekwisha kuumudu, na wetu hawapungukiwi na mikono wala akili.

Siku hizi ziko proba ndogo zinazounganishwa na simu, na bei yake ni ndogo mno kuliko ile ya mashine kubwa za chumba cha picha. Basi nawasihi wakuu wa hospitali zetu, wapangapo bajeti ya wodi ya watoto, wahesabu pamoja na bei ya mashine saa za kumfunza muuguzi, na mashine yenyewe ikae wodini, usiku na mchana, mahali ambapo mkono wake utaifikia bila kuomba ufunguo.